Tarakimu ni Amana

Katika mji wa Le Mans, nchini Ufaransa, kuna mashindano ya gari yaliyoanza mwaka 1923. Mashindano hayo si ya kasi peke yake, bali ni ya ustahamilivu. Gari hukimbia saa 24, usiku na mchana, katika mzunguko wa zaidi ya kilomita 13, na madereva watatu hupokezana usukani. Mshindi si yule aliyekimbia kuliko wenzake kwa saa moja, bali ni yule aliyekwenda masafa marefu zaidi hadi muda ulipokwisha. Mwaka 2018 gari ya Toyota iliyoshinda ilizunguka mara 388, yaani zaidi ya kilomita 5,200 kwa siku moja.

Huenda msomaji akauliza: mchezo huu wa matajiri wa Ulaya unatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ambao shida zetu ni boti, umeme na maji? Jawabu yetu ni kwamba ndani ya gari zile mna kifaa kidogo ambacho kila aliyekabidhiwa mali ya umma yafaa akifahamu, na kwamba yaliyotokea huko mwaka 2019 ni somo kwa mkubwa na mdogo.

Kifaa hicho ni kinasa takwimu. Nacho ni kisanduku kilichounganishwa kwa waya na vihisi vingi, ambavyo mafundi wa gereji huviita sensa. Kihisi kimoja hupima joto la maji ya injini, kingine mgandamizo wa oili, kingine mwendo wa magurudumu, kingine upepo wa tairi. Kila kipimo hugeuzwa kuwa umeme, umeme hugeuzwa kuwa tarakimu, na kila tarakimu huandikwa pamoja na wakati wake. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi katika sekunde moja, bila ya kuchoka wala kusinzia. Nyingi katika habari hizo hupelekwa kwa mawimbi ya redio mpaka kwa mafundi walioketi kando ya njia.

Faida yake ni dhahiri. Dereva aliyeendesha saa tatu usiku wa manane hawezi kuamini kila linalomwambia mwili wake. Gari inapopungua nguvu kidogo kidogo, yeye huizoea bila ya kujijua. Lakini fundi anayelinganisha mzunguko wa hamsini na mzunguko wa mia huona kwamba oili inashuka mgandamizo kila ipitapo kona ileile, naye huchukua hatua kabla injini haijakatika. Tena takwimu hizo ni hakimu. Tangu mwaka 2014 wasimamizi walianza kupima mafuta yanayoingia katika injini za gari za daraja la juu, ili asiwepo wa kudai kwamba ametumia kidogo ilhali ametumia kingi.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Mwaka 2019 Toyota ilikuwa na gari mbili mbele ya wote. Gari nambari 7 iliongoza, na imebaki kiasi cha saa moja tu mashindano yamalizike. Ghafla kifaa kikatoa onyo kwamba tairi moja imepata pancha. Dereva José María López akaingia kwa mafundi, nao wakaibadili tairi ileile iliyotajwa na kifaa. Gari ikarejea njiani, na pancha ikarejea nayo. Tairi iliyotolewa ilikuwa nzima. Iliyotoboka ilikuwa nyingine. Ikabidi dereva azunguke pole pole, arudi tena kwa mafundi, na wakati huo gari nambari 8 ya timu hiyohiyo ikapita na kushinda. Ilipochunguzwa ikadhihirika kwamba waya za vihisi zilikuwa zimekosewa, kila kimoja kikitoa habari za tairi ya mwenzake.

Tuzingatie jambo hili. Kifaa hakikuharibika. Kihisi kilipima sawasawa, na tarakimu iliandikwa kwa wakati wake. Kosa lilikuwa mahali ambapo kipimo kilipewa jina. Mafundi hodari, wenye zana za hali ya juu, waliitii tarakimu ambayo asili yake haikuthibitishwa. Lau wasingekuwa na kifaa kabisa, pengine wangezitazama tairi zote nne. Ndiyo maana tunasema kwamba takwimu potofu hudhuru kuliko kutokuwa na takwimu. Asiyejua huuliza, lakini aliyedanganywa huenda akiwa na yakini.

Hapa mwandishi wa safu hii anakumbuka jambo la nyumbani. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa kukosa umeme wa waya wa chini ya bahari, na huduma nyingi zikategemea jenereta. Katika kituo kimoja cha huduma, ambacho hatutakitaja, jenereta ilizimika usiku, na chanjo zilizokuwamo katika jokofu zikaharibika. Tulipolifungua daftari la jenereta tulikuta limejazwa vizuri kupita kiasi: joto nyuzi 82 asubuhi, nyuzi 82 adhuhuri, nyuzi 82 usiku, wiki tatu mfululizo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Kijana mwenye zamu alipoulizwa alijibu kwa upole: "Mzee, siku niliyoandika tisini na nane niligombezwa kwamba naleta maneno. Toka siku hiyo naandika wanayoipenda."

Kijana yule alikosa, lakini hakukosa peke yake. Daftari lile lilikuwa ni kihisi kilichounganishwa kinyume, na aliyeziunganisha waya zake ni yule mkubwa aliyeadhibu ukweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba yuko pia mwenye kumlazimisha mgonjwa afiche.

Twapaswa basi kuchukua mambo matatu. Kwanza, kila kipimo kijaribiwe kabla ya kutegemewa, na mwenye kukijaribu asiwe yule aliyekifunga. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi: punguza upepo wa tairi moja, kisha tazama ni taa ipi inayowaka. Ni hivyo hivyo kwa geji ya mafuta ya boti na mita ya maji ya mji. Pili, tarakimu iandikwe saa yake na jina la aliyeisoma. Ikiwa haikusomwa, iandikwe kwamba haikusomwa. Nafasi tupu ni ya heshima kuliko namba ya kubuni. Tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, kiongozi amshukuru anayeleta habari mbaya mapema, na amwajibishe anayeleta habari njema za uongo.

Kwa hili la tatu wale wa Le Mans watupe mfano. Mwaka 2016 gari ya Toyota ilizimika nguvu dakika chache kabla ya mwisho, ikiwa inaongoza, na ushindi ukaenda kwa Porsche. Wenyewe walichunguza, kisha wakautangazia ulimwengu kwamba kiungo cha mpira wa hewa baina ya tabo na kipoza hewa ndicho kilichoharibika. Mwaka 2017 walishindwa tena. Mwaka 2018 wakashinda. Na kosa la waya la mwaka 2019 hawakulificha vilevile.

Visiwa vyetu vinaishi kwa vyombo: boti inayovuka mkondo baina ya Unguja na Pemba, pampu ya maji, jenereta ya hospitali. Vifaa vya kunasa takwimu vinazidi kuingia nchini, na tunavikaribisha kwa mikono miwili. Lakini hakuna kisanduku kitakachosema kweli katika ofisi ambayo kweli imefukuzwa. Tarakimu ni amana. Mwenye kuiandika na mwenye kuisoma wote wawili wataulizwa.