Gego, nyaya na skrubu: mpango kwanza jamani

Chuo mitihani imebana, lakini hili nalisema leo maana kila nikitaja kwamba nasoma meno hapa Upanga, naulizwa swali lile lile: "Niling'oa gego, nataka na kunyoosha meno ya mbele. Nianze na kupandikiza jino au na nyaya?"

Jibu langu: anza na mpango. Ngoja nieleze.

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, siku ya mvua. Muangalie msukuma mkokoteni kwenye tope: anasukuma mbele, miguu inateleza nyuma. Akipata jiwe la kukanyaga, mzigo unaondoka. Ni ile fizikia ya Newton ya sekondari. Nyaya za meno nazo hivyo hivyo. Ukiyavuta meno ya mbele yarudi nyuma kwa kuyafunga kwenye magego, magego nayo yanavutika kuja mbele. Yale magego ndiyo nanga. Sasa sisi wabongo gego likiuma kidogo tu, "dokta, ng'oa!" Siku ya kunyoosha, nanga hatuna.

Hapo ndipo jino la kupandikiza linaposaidia. Profesa Brånemark wa Sweden aligundua kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini, ndiyo maana likisukumwa taratibu linahama. Skrubu ya titani haina nyuzi hizo, imegandana na mfupa moja kwa moja. Haihami! Kwa hiyo inakuwa nanga, na nyaya zikitoka inabaki kubeba jino la bandia. Kazi mbili kwa gharama moja.

Lakini uzuri huo huo ndio balaa. Ikiwekwa mahali pabaya, hakuna waya utakaoihamisha. Ndiyo maana nasema daktari wa nyaya na wa kupandikiza wakae pamoja KABLA, waangalie eksirei na wapime gego litakaa wapi meno mengine yakishapangwa. Kwa mtoto ndiyo usithubutu: taya linakua, skrubu inabaki pale pale, mwishowe jino linaonekana limezama.

Na kama huna pengo la kuziba, zipo skrubu ndogo za muda, unene wake kama milimita 2 au chini. Hazisubiri miezi ya kushikana na mfupa, na kazi ikiisha zinatolewa. Nyingine hulegea kabla ya wakati, hilo nalo ujue.

Kupandikiza jino si hela ya chipsi mayai. Kabla hujalipa, omba uonyeshwe mpango mzima, hatua kwa hatua. Ni haki yako, wala si ujuaji. Na wenye magego yaliyotoboka, ulizeni kwanza kama yanazibika kabla ya kukimbilia koleo.

Mwenye hoja tofauti tukutane kantini tubishane. Narudi kwenye vitabu...