Dawa ya kuongeza miaka: ile ya New York bado, ile ya tansio iko tayari

Kwenye WhatsApp za wakaaji wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia kunapita kila mara video juu ya dawa ya kuzuia uzee. Watu wanatumiana, kila mtu anaongeza lake. Habari yenyewe si uongo wote. Shida ni kwamba inafunika ingine, inayogusa wazee wa huku moja kwa moja, na hiyo hakuna anayeitumia mwenzake.

Dawa inayosemwa sana ni metformini. Wagonjwa wa sukari wanaijua, ni kidonge cha zamani. Kule New York, munganga Nir Barzilai wa Albert Einstein College of Medicine na wenzake wanataka kuipima kwa watu 3,000 wa miaka 65 mpaka 79 wasiokuwa na sukari, kwa muda wa miaka sita hivi. Wanataka kuona kama itachelewesha ugonjwa wa moyo, kansa na kupotewa na akili. Mradi huo unaitwa TAME, na feza ndiyo imeukwamisha kwa miaka mingi. Metformini iko bei rahisi, viwanda vingi vinaitengeneza, kwa hiyo hakuna kampuni inayoona faida ya kulipia utafiti mkubwa namna hiyo. Ingine ni rapamisini, ambayo mwaka 2009 iliongeza maisha ya panya, hata wale waliopewa wakiwa tayari wazee. Lakini panya ni panya. Mpaka sasa hakuna kidonge kilichohakikishwa kwamba kinapunguza mwendo wa uzee kwa mtu, na asiye na sukari hana sababu ya kujinunulia metformini sokoni.

Sasa ile habari ingine. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti unaoitwa HYVET. Uliangalia wazee 3,845 wa miaka 80 na zaidi wenye tansio, katika inchi 13, Tunisia ikiwa ndani. Zamani waganga wengi waliogopa kumpa mzee wa umri huo dawa ya tansio, walisema mwache tu, amekwisha kula chumvi nyingi. Nusu walipewa dawa ya kweli, nusu kidonge kisicho na kitu. Utafiti ulisimamishwa mbele ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi: kwa waliokunywa dawa, vifo vilipungua kwa 21 kwa mia, na moyo kushindwa kazi ulipungua kwa 64 kwa mia. Lengo halikuwa hata kali, ilitosha kuishusha tansio mpaka 15 juu ya 8. Hao ni watu wa miaka 80, wale ambao familia nyingi huku zinasema wakati wao umepita.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya Wazungu. Ndiyo maana utafiti wa CREOLE una maana. Ulifanyika kwa wagonjwa 728 weusi katika inchi sita za Afrika, na kati yake Uganda na Kenya. Matokeo yalitoka 2019: dawa mbili pamoja, moja ikiwa amlodipini, zilishusha tansio vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo. Amlodipini si dawa ya matajiri. Iko kwenye maduka ya dawa ya miji mingi ya mashariki.

Basi kwa nini wazee wanaendelea kupooza upande mmoja? Tansio haiumi, hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Mtu anaweza kuwa na 18 juu ya 11 na akaenda shambani kama kawaida. Wengine wanakunywa dawa siku kichwa kinagonga, kisha wanaweka plakete kwenye sanduku. Lakini hii dawa inafanya kazi ile siku inakunywewa, ukiacha tansio inarudi palepale. Na siku mdomo unapinda ao mkono unakataa kuinuka, familia ingine inaanza kwa kutafuta nani ameroga, kumbe saa za kwanza ndizo zinazohesabika hospitalini. Anayelipa mara nyingi ni mama mzee wa jirani. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa kwa kushutumiwa uchawi.

Sababu ya pili haiko mikononi mwa mgonjwa. Tangu vita ifike Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki yalifunga milango, na kuna maghala ya dawa yaliyoporwa. Misaada inayokuja inatazama kwanza waliojeruhiwa, kipindupindu, surua. Inaeleweka. Lakini mzee aliyekimbia Masisi ao Kalehe bila plakete yake hana jeraha la kuonyesha, na kwenye foleni ya kambi hakuna anayemuuliza. Hata mpango wa serikali wa matunzo ya afya kwa wote, ulipoanza kutumika Kinshasa 2023, ulianza na mama wanaojifungua na watoto wachanga. Wazee hawakuwa kwenye orodha ya kwanza.

Kupima si kazi ngumu. Tansiometri ya mkono haihitaji umeme, na enfirmie mmoja anaweza kupima watu kumi baada ya ibada ao siku ya soko. Kazi ngumu ni mwezi wa pili, wa tatu, wa kumi, wakati dawa inapaswa kununuliwa tena. Kwenye familia nyingi hiyo inategemea mtoto mmoja aliye Kinshasa ao Kampala, anayetuma kitu kidogo kwa simu. Akichelewa wiki mbili, mzee anakaa wiki mbili bila dawa.