Bei ya Sokoni Ituongoze Mezani

Kati ya Novemba na Februari maembe hujaa katika masoko yetu, na bei hushuka hadi mtu wa kipato kidogo anamudu kubeba fungu zima. Katikati ya mwaka zamu huwa ya machungwa ya Muheza. Masika nayo huleta mchicha, matembele na majani ya maboga kwa wingi. Nashikilia kwamba kushuka huko kwa bei ni ushauri mzuri wa lishe kuliko mwingi tunaopewa, na tunaupuuza kwa hasara yetu. Tunda tumelifanya kitu cha kujiburudisha, na mboga za majani tumezifanya dalili ya kukosa nyama.

Hasara yenyewe inaonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi, watoto waliodumaa ni zaidi ya nusu. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi, maji machafu na kazi nzito za akina mama wanaonyonyesha. Lakini hakuna atakayesema Iringa imekosa unga. Kinachokosekana sahanini ni aina za vyakula. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hupima mlo wa wanawake kwa makundi 10 ya vyakula, na hutaka mwanamke ale angalau matano kwa siku. Ugali na maharage ni makundi mawili tu. Mboga na matunda, kwa rangi na aina zake, yamechukua makundi manne kati ya hayo 10, na ndiyo hayohayo ambayo msimu huyashusha bei. Kwa mwenye kipato kidogo, hapo ndipo penye nafasi ya kupanua mlo bila kuongeza matumizi.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kinapatikana mwaka mzima, hivyo msimu umepitwa na wakati. Ni kweli, mwenye fedha anapata tufaha la Afrika Kusini mwezi wowote. Lakini embe bivu lina vitamini A na C nyingi kuliko tufaha hilo, na Desemba huuzwa kwa bei ndogo zaidi. Inauma kuona maembe yakioza chini ya miti huku mtoto akinunuliwa juisi ya pakiti iliyojaa sukari.

Pingamizi zito zaidi ni la kiangazi: msimu ukiisha, familia ile nini? Wagogo wa Dodoma walilijibu zamani kwa kukausha mlenda na majani ya kunde. Jua kali huua sehemu kubwa ya vitamini, kwa hiyo kukaushia kivulini penye upepo ni bora zaidi. Na kiangazi kina mavuno yake pia: ubuyu huvunwa wakati huo, una vitamini C na hukaa muda mrefu bila friji.

Sidai kwamba embe peke yake ni mlo. Mtoto anahitaji dagaa, mayai, kunde na maziwa, na hapo msimu hausaidii sana. Hata hivyo vyakula hivi husaidiana. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mchicha hufyonzwa vizuri mwilini vikiliwa pamoja na chungwa, lakini chai inayonywewa na mlo huyazuia. Vitamini A ya majani huhitaji mafuta kidogo, na mpishi anayeunga kisamvu kwa nazi au karanga amekwisha kulitimiza hilo.

Kwa hiyo maofisa lishe wa halmashauri waache kuwapa akina mama orodha ileile ya vyakula mwaka mzima. Desemba kliniki izungumzie embe, Aprili majani, Julai chungwa, kwa kutaja bei za soko la wilaya hiyohiyo. Shule zinazopika uji na makande zinunue kwa kalenda hiyo, moja kwa moja kwa wakulima wa jirani, wakati ambao wakulima hao hukosa wanunuzi.