Fundi, kabla ya kufomati tuambie kwanza ugonjwa

Mama mmoja mhami kutoka Masisi alinionyesha kompyuta ya mkononi ya kijana wake. Ilikuwa nzito, kufunguka tu dakika kumi. Waliipeleka kwa fundi hapa Goma. Fundi hakuuliza kitu, akaifomati, akapokea dola kumi. Kesho yake ikawa nzito vilevile. Lakini picha za vyeti vya watoto, ambavyo vyenyewe vilibaki nyumbani siku ya kukimbia, zilikuwa zimefutika.

Mimi nasema wazi: kwetu kufomati kumekuwa kama klorokini ya zamani. Homa yoyote, meza tu.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye chuma, si kwenye programu. Tunaishi juu ya lava, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali. Linaziba feni, prosesa inapata moto, na ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Dalili yake: dakika za kwanza inakimbia, baadaye feni inalia na mashine inalala. Hapo dawa ni brashi na kupaka upya pasta ya joto. Hakuna cha kufuta.

Diski ya kuzunguka ndiyo inayonitia hofu zaidi. Umeme unakatika, mashine inaanguka njiani, diski inachoka. Ikianza kugonga tik-tik, au kunakili faili kukikwama katikati, zima, kisha tafuta mtu atoe vitu vyako kwanza. Kufomati diski inayokufa ni kumtwisha mgonjwa mahututi gunia la makala.

Kama mashine inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Utaona ni nini kimejaa. Diski ikibaki kwenye 100 wakati hufanyi kitu, ishuku hiyo. Ikiwa ni memori, na unayo ya GB 4 tu, labda kuongeza nyingine kutatosha. Usisahau chaja pia: kuna mashine zinazopunguza mwendo zikipewa chaja isiyo yao.

Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba koltani ya Rubaya, huko huko Masisi, inatoa tantalo ya vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya mashine kama hizi. Inatoka kwetu ikiwa udongo, inaturudia ikiwa kompyuta kuukuu.

Kwa hiyo, mafundi wetu, pimeni kwanza, mwambieni mteja mlichoona, na mnakili vitu vyake kabla ya kugusa. Na wewe mteja, usiache mashine mezani kabla fundi hajakujibu: ugonjwa ni gani, na faili zangu ziko wapi?

Mama yule bado anatafuta mtu anayeenda Masisi, amuulizie vyeti kule shuleni.