TELA LENYE PAA: FAIDA NA HASARA ZAKE

Mkaaji wa Mtendeni hana haja ya kufundishwa habari za mizigo. Mji wetu wa Tabora ulikuzwa na mizigo. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, njia ya Bagamoyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo na shanga. Mitumba ya nguo ilifungwa kwa mikeka kabla ya safari, kwa kuwa kila tajiri alijua kwamba nguo iliyolowa ni hasara. Kwamba mzigo ufunikwe, basi, ni shauri lililokwisha zamani. Shauri lililo mbele yetu leo ni jinsi ya kuufunika: je, lori lipeleke tumbaku yetu viwandani Morogoro kwa tela la wazi lililotandikwa turubai kwa mikono, au kwa tela lililojengewa paa la turubai?

Tela la namna hii ya pili lina sakafu bapa kama lile la wazi. Tofauti ni kwamba juu ya sakafu husimamishwa matao ya chuma au ya alumini, yakavikwa turubai zito, nayo hutelezeshwa mbele na nyuma juu ya reli ndogo zilizo kando. Mtu mmoja akiwa amesimama chini aweza kulifunua tela zima, likapakiwa kwa ubavuni au kwa juu, kisha akalifunika tena kwa dakika chache. Wamarekani huliita kwa jina la Conestoga, kwa kukumbuka magari ya farasi ya Pennsylvania ya karne ya 18 yaliyofunikwa kwa kitambaa juu ya matao.

Tuanze na hasara, maana ndizo anazozitaja kwanza mwenye magari, na hakosei kuzitaja. Tela hili ni ghali kulinunua. Matao na turubai lake huongeza uzito, pengine kufika tani moja. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini kwetu Machi 2019, haikubali gari na mzigo wake kupita tani 56. Kwa hiyo kila kilo ya paa ni kilo moja iliyopungua katika saruji au mbolea. Mzigo mwepesi kama tumbaku na pamba haugusi kikomo hicho upesi, lakini nao hupata hasara yake: hauwezi kurundikwa juu kupita matao. Tena, njia za udongo za vijijini Urambo, Kaliua na Sikonge hulipinda tela huku na huku. Vumbi likiingia katika reli zile, paa hukwama, na fundi wa kulinyosha hapatikani porini. Na turubai ni turubai tu: kisu cha mwizi hulipasua.

Hoja hizo ni za kweli. Lakini zote ni hoja za mtu aliyekaa na daftari. Twaomba msomaji amtazame na mtu mwingine, utingo aliye juu ya mzigo.

Huyu ndiye apandaye juu ya marobota, mita tatu au nne kutoka ardhini, akiburuta turubai lenye uzito wa kumzidi, hana ngazi wala kamba ya kumshika. Mvua ikishuka ghafula, dereva husimamisha gari kando ya njia, na utingo hupanda juu ya turubai lililolowa, linaloteleza kama sabuni, upepo ukilipepea. Akianguka, aweza kuvunjika kiuno au shingo. Methali yasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika hesabu za tela la wazi, mzigo wa utingo ndio kanda hilo la usufi: hauandikwi popote.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Wajibu huo haukomi kwenye mlango wa karakana. Juu ya mzigo napo ni mahali pa kazi. Lakini utingo aliyechukuliwa kwa maneno tu, bila mkataba wa maandishi, atawezaje kudai haki yake akiwa amelala hospitali?

Kuna na mkulima. Tumbaku yake husafiri zaidi wakati wa kiangazi, na hapo baadhi ya watu husema paa halina kazi. Wanasahau kwamba gari hurudi. Mbolea huletwa kwetu masika yakikaribia au yakiwa yamekwisha kuingia, na mbolea iliyonywa maji hugeuka jiwe ndani ya mfuko. Turubai lililotandikwa ovyo humpa mkulima hasara kabla hajapanda mche mmoja.

Baada ya kupima pande zote, rai yetu ni hii. Kwa safari ndefu ya lami kutoka Tabora kupitia Itigi na Manyoni hadi Morogoro na Dar es Salaam, tela lenye paa lastahili gharama yake. Kwa kukusanya mazao katika njia za vijijini, tela la wazi liendelee, lakini turubai litandikwe kutoka kwenye jukwaa au ngazi imara, na mtu asipandishwe juu ya mzigo mvua ikinyesha. Vyama vya ushirika vinapokodi magari vina nguvu ya kuliandika sharti hilo katika mkataba. Visiangalie bei ya kila tani peke yake.

Madereva nao twawaonya: paa hufunika mzigo, halifungi mzigo. Gari likipinda kwa kasi, marobota yasiyokazwa kwa mikanda yatalipasua turubai na kumwagikia mpita njia. Na wenye magari watakaonunua matela haya wasiifidie bei yake kwa kuukata ujira wa utingo eti kazi imekuwa nyepesi. Mpagazi wa zamani alibeba mzigo kichwani na hatari ya njia mwilini, na faida ikabaki kwa tajiri. Hatuoni sababu ya desturi hiyo kuendelea kupanda lori.