Kwaya Si Mapambo ya Okestra

Wacha nianze na soda. Jioni moja, tamasha likiwa limeisha, wapiga ala waliitwa nyuma ya jukwaa mmoja mmoja, kila mmoja akatoka na bahasha. Sisi wa kwaya, watu kama arobaini tuliotoka Sugoi saa kumi alfajiri kwa matatu tulizochangia wenyewe, tuliletewa kreti za soda na mkate. Mama mmoja wa alto akauliza yetu iko wapi. Akaambiwa tumepewa nafasi ya kuimba na okestra, na nafasi kama hiyo si kila kwaya huipata.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo naandika kwa kuokoteza. Kwa hivyo neno "nafasi" nalijua. Ni jina la mshahara ambao hautakuja.

Lakini hebu tuulize, nani alimpa nani nafasi? Okestra ya Nairobi ilianza miaka ya 1940, nchi ikiwa bado koloni. Chuo cha muziki kinachoitwa leo Kenya Conservatoire kilifunguliwa 1944. Kwaya ya Nairobi Music Society, chama cha enzi hizo hizo za wakoloni, ndiyo imekuwa ikiimba na okestra hiyo kazi kubwa kubwa. Watu huisimulia historia hii kama hisani, eti okestra iliwakaribisha waimbaji. Hisani gani? Jaribu kupiga Messiah ya Handel bila kwaya. Utabaki na waimbaji wanne wamesimama mbele wakingoja mtu aitikie.

Sasa njoo huku kwetu. Kwaya nyingi za Kenya, za kanisa, za shule, za mtaa, husoma solfa: do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi. Wapiga ala husoma noti za mistari mitano. Siku ya mazoezi ya pamoja kondakta anasema, "Tuanze baa ya 48." Nakala zetu hazina namba za baa (baa ya muziki, si ile nyingine). Tunatazamana. Hapo ndipo utasikia mtu wa fidla akinong'ona kwamba hawa hawajui kusoma.

Hatujui kusoma! Solfa ni maandishi, tena maandishi yenye akili. Do yetu inahama. Ukishusha wimbo kwa sababu soprano wana mafua, mwimbaji haandiki upya hata herufi moja. Mpiga ala ndiye anayeanza kuhangaika. Yule mama wa alto huuza maziwa Turbo asubuhi, jioni anasoma solfa mara moja na wimbo umeshaingia. Namba za baa zingechukua jioni moja kuandikwa. Hakuna aliyejisumbua, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba nakala yetu ni nakala.

Nasi tuna dhambi zetu, manze. Ukizoea kuimba bila ala unashuka polepole bila kujua, na wimbo ulioanza juu unamalizika nusu toni chini. Siku okestra inapoingia katikati, aibu ni yetu peke yetu. Hilo linarekebishwa kwa kufanya mazoezi pamoja mapema. Kutuita siku moja kabla ya tamasha hakusaidii mtu.

Halafu kuna hadithi ya wimbo wa taifa. Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, uliotoka kwa Mzee Meza Moroa Galana, ikaupangia sauti na ala. Tarumbeta za bendi unazosikia kila sherehe zilimkuta mama na mtoto wake wameshaimba.

Kinshasa walielewa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya Wakimbangu. Vyombo vilikuwa vichache, watu wakapokezana. Uzi wa fidla ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi. Kwaya na okestra ni za kanisa moja, watu hao hao wenye njaa moja, na wote hujitolea. Hapo siwezi kulalamika juu ya bahasha, maana hakuna aliyeipata. Tatizo langu si kuimba bure. Ni kuimba bure kando ya mtu anayelipwa.

Ukitaja Sugoi watu hufikiria boma la Rais na misafara ya magari. Kwaya huku zimezoea kuitwa kuwaimbia wageni kisha kusubiri kando waheshimiwa wakila. Labda ndiyo maana waandaaji wa muziki nao wakadhani hiyo ndiyo bei yetu.

Mwaliko mwingine umekuja, wa Desemba. Tulikaa chini ya mwembe wa kanisa tukaandika jibu: mazoezi manne ya pamoja, mawili yafanyike Eldoret, namba za baa kwenye nakala zetu, majina yetu kwenye programu, nauli, na malipo ya mwimbaji yasipungue ya mpiga ala. Kijana mmoja wa besi alihofia tutaonekana wakaidi, tupoteze nafasi.

Mama wa alto akamwambia aandike pia kwamba soda tutajinunulia.