Vioja Haijashuka, Ninyi Ndio Mlikuwa Hamna Pengine pa Kwenda

Waketishe Wakenya watatu waliovuka umri wa miaka arobaini na mitano mbele ya runinga, ufungue KBC, na bahati iangukie Vioja Mahakamani. Hazitapita dakika tano kabla mmoja wao hajatoa hukumu: imeshuka. Wa pili ataongeza kwamba vichekesho vya nchi hii vilizikwa pamoja na Mzee Ojwang'. Wa tatu atasonya na kusema vijana wa siku hizi hawajui kuchekesha, wanajua kupayuka tu. Kesi imefungwa, na rufaa hairuhusiwi. Hukumu hii imerudiwa barazani, kwenye matatu na kwenye magurupu ya WhatsApp hadi hakuna anayekumbuka kuuliza ushahidi uko wapi, ingawa kipindi chenyewe ni cha mahakama.

Mimi nauliza. Na jibu langu ni kwamba Vioja haijashuka hata kidogo. Iko palepale ilipokuwa enzi za VOK, yaani Sauti ya Kenya. Kilichoanguka ni ukiritimba wa stesheni moja, na ninyi mlioukulia ukiritimba huo mmeamua kuuita ubora.

Tukumbushane. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, aliyewasha runinga Kenya aliipata Sauti ya Kenya, iliyobadilishwa jina mwaka 1989 ikawa KBC, au hakupata kitu. Matangazo yalianza jioni na kufungwa usiku kwa wimbo wa taifa. Taarifa ya habari ya Kiswahili ilikuwa saa moja, ya Kiingereza saa tatu, na zote zilianza na Mtukufu Rais: alikozuru, alichofungua, mche alioupanda na kwaya iliyompokea. Ukishakaa chini ya msafara huo hadi mwisho, mtu akijikwaa tu kizingitini unaangua kicheko. Sasa umletee Ondiek Nyuka Kwota wa Vioja kizimbani, shati limemkaa upande, hakimu amemuuliza jina naye anaanza na habari za babu yake. Utafanya nini kama si kucheka? Ungegeuza wapi? Rimoti yenyewe hukuwa nayo, na ungekuwa nayo ungebonyeza nini?

Halafu ile runinga. Vijijini ilikuwa Great Wall ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, inayokula betri ya gari. Betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa senta kuchajiwa, na mwenye nyumba aliilinda wiki nzima ili isimzimikie siku ya kipindi. Picha ikianza kuteleza, mtu alitumwa nje kuzungusha erio huku walio ndani wakimpigia kelele: hapo hapo, umepitiliza, rudisha kidogo, wacha! Wakubwa walishika viti, watoto wa majirani wakajipanga sakafuni, waliochelewa wakachungulia dirishani. Mtu aliyefika pale kwa taabu kama hiyo hakuja kuhakiki sanaa. Alikuja kucheka, na kama mzaha ulikuwa mbovu, kicheko cha wenzake thelathini kilimbeba. Leo anatazama peke yake, simu iko mkononi, jicho moja liko kwenye ligi ya Uingereza, kisha anashangaa kwa nini hacheki kama zamani.

Lakini hoja ya stesheni moja ni nyepesi. Kuna iliyo nzito kuliko hiyo, na hao wanaotulilia enzi ya dhahabu huwa hawaigusi.

Itazameni ile korti ya zamani jinsi ilivyokuwa. Hakimu ni mwadilifu na mvumilivu. Kiongozi wa mashtaka ni mwerevu, Kiswahili chake kimenyooka. Askari ana nidhamu. Mjinga ni mmoja tu, naye ni raia: mwizi wa kuku, mpika chang'aa, mzururaji, mume aliyemtoroka mkewe, mtu wa mashambani ambaye ulimi wake umekataa kuacha lugha ya mama. Serikali inauliza maswali, mwananchi anajikanyaga, nasi tunamcheka mwananchi. Sikumbuki kipindi hata kimoja cha enzi hizo ambamo hakimu alipigiwa simu kutoka juu, wala askari aliyekula hongo akaishia kizimbani yeye.

Na korti za kweli zilikuwaje? Mwaka 1986 na 1987, watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, walitolewa vyumba vya chini ya ardhi vya jengo la Nyayo House, Nairobi, walikopigwa na kuachwa ndani ya maji, wakafikishwa mbele ya hakimu, mara nyingi jioni wafanyakazi wa korti wakiwa wameshaanza kurudi nyumbani. Hawakuwa na mawakili. Walikiri, wakahukumiwa vifungo, na shughuli yote ikachukua dakika chache. Miaka hiyohiyo taifa lilikuwa limeketi mbele ya runinga ya serikali likimcheka Makokha wa Vioja kwa kushindwa kujibu maswali ya korti ambayo haikosei.

Siwalaumu waigizaji. Kila mmoja wao alijua jukwaa linaishia wapi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka 1977, baada ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuzimwa kule Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe wa wanakijiji ukabomolewa. Agosti mwaka huo wanajeshi waasi wakaiteka VOK na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baada ya hapo, ni mtayarishaji gani wa VOK angethubutu kumpelekea mkubwa wake mswada wenye hakimu mla rushwa? Waliigiza walichoruhusiwa, na wengine wakakiigiza vizuri ajabu. Ila msiniambie kwamba uoga ule ulikuwa kilele cha ucheshi wetu.

Ujasiri ulikuja baadaye, katika miaka ambayo ninyi mnaihesabu kuwa ya kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie wa kundi la Redykyulass walisimama mbele ya kamera wakamwigiza Rais Moi, sauti na mikono, naye yuko Ikulu. Wapo waliozima taa za sebuleni kwanza ndipo wakacheka. Mwaka 2009 vikaragosi vya XYZ Show, kazi ya mchoraji Gado, vikawavua nguo wanasiasa wa pande zote kila wiki. Mtu aliyeona hayo kisha akasema ucheshi wa Kenya ulikwisha na VOK, huyo anaomboleza ujana wake, nasi tumpe pole.

Mzee Ojwang' nitamtetea, tena nitamtetea dhidi ya wale wanaojifanya wafuasi wake. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Mkikuyu aliigiza Mjaluo katika kipindi cha Vitimbi kwa miongo kadhaa, tena kwa ustadi kiasi kwamba alipofariki Julai 2015 wapo waliopigwa na butwaa kulisikia jina la Wanjau kwenye tanzia. Wengine waliamini Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ni mkewe wa ndoa. Hilo haliji kwa kugeuza "sh" kuwa "s" peke yake. Siri yake ilikuwa katika kunyamaza. Mama Kayai alimshambulia, akamrudia, akapandisha sauti hadi pumzi ikamwishia. Ojwang' akamwacha amalize. Akaishika kofia, akaiweka sawa. Akamtazama. Chumba kizima kilikuwa kimeshaanza kucheka kabla hajatamka neno, na neno lenyewe likija lilikuwa dogo, la mtu aliyeshindwa lakini hajakubali. Waigaji wake waliokota lafudhi wakaacha ule ukimya, halafu tukasema kizazi kimeharibika. Kizazi gani? Hata mwaka 1985 kwa kila Ojwang' mmoja walikuwapo wengi ambao leo hakuna anayewakumbuka, kwa sababu hawakuwa na la kukumbukwa. Kumbukumbu imewapepeta, ikabakisha mchele, nanyi mnaulinganisha mchele huo na gunia zima la leo, pumba zikiwamo.

Na kama kweli mlimpenda hivyo, miaka ya mwisho, alipokuwa akichangiwa pesa za kutibiwa macho, ndiyo iliyokuwa ya kupaza sauti.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. The Simpsons, katuni ya Marekani, ilianza kama kipindi kamili Desemba 1989. Kufikia Februari 1997 manung'uniko ya mashabiki yalikuwa yamezidi, waandishi wakatunga kipindi kizima cha kuwajibu, ambamo muuza vitabu vya katuni, mnene na mwenye dharau, anatangaza kwamba alichokitazama jana ni kibovu kuliko vyote. Leo wengi wanaolia kwamba Simpsons imekufa wanautia msimu huo wa nane ndani ya enzi yake ya dhahabu. Wakati wenyewe ulipokuwa hewani, wenzao waliuita mwanzo wa mwisho.

Hapa nyumbani tuliyaona hayohayo kwa Papa Shirandula. Kipindi kilianza katika runinga ya Citizen mwaka 2007: soja anayemficha mkewe Wilbroda kazi yake, anayetoka nyumbani na suti kama mtu wa ofisini na kuvaa sare akishafika langoni kwa tajiri. Kisa hicho kimoja kina siasa ya Nairobi nzima ndani yake, aibu ya mshahara mdogo na uongo tunaoupeleka mashambani kila Krismasi. Lakini kila mwaka ilikuwa ni wimbo uleule: Papa amechosha, Papa si yule. Julai 2020 Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, akafariki kwa Covid-19. Nchi ikalia, na kabla ya wiki kwisha kipindi kilichochosha kikawa hazina ya taifa. Hakuna tukio hata moja lililorekodiwa upya. Kumbe kipindi hushuka kikiwa hai na kupanda kikishazikwa, na uhakiki wa namna hiyo tuwaachie wanaoandika tanzia.

Sasa nirudi kwa Vioja, maana nimeitetea kupita inavyostahili. Kosa lake ni kusimama. Tangu enzi ile ya betri ya gari, nchi imepata katiba mpya mwaka 2010, majaji na mahakimu wakapigwa msasa mmoja mmoja, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta matokeo ya uchaguzi wa rais. Tangu Covid kesi zinasikizwa kwa video. Mchekeshaji gani anaota zawadi kubwa kuliko hiyo? Shahidi anaapa akiwa kwenye bodaboda. Mshtakiwa anaishiwa bando katikati ya kujitetea. Wakili mwenye mavazi ya heshima juu na kaptura chini anasahau kamera iko wazi, akasimama. Tapeli wa M-Pesa anamtumia hakimu ujumbe kwamba pesa zimeingia kwake kimakosa, tafadhali arudishe. Haya yote yanapita nje ya mlango wa studio, na ndani, vipindi nilivyotazama mimi bado vina mtu wa kutoka mashambani anayechekwa kwa sababu "r" imemshinda.

Na lile la lafudhi lilistahili kuhojiwa kitambo. Kucheka matamshi ya Mkamba, Mluhya au Mkisii kulionekana ni utani wa watani. Baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, zilizoua watu zaidi ya 1,100, na sheria ya utangamano iliyofuata, ungetarajia waandishi wajiulize mara mbili. Baadhi walijiuliza. Wengi waliendelea, na si KBC pekee. Majukwaa ya vijana yanaishi kwa riziki hiyohiyo, kwa hiyo wazee wanaosema vijana wametupa urithi wafute machozi. Urithi umeshikwa kwa mikono miwili.

Vijana, kwa upande wao, wana hakimu mkali kuliko yeyote aliyewahi kukaa Vioja. Njugush na Crazy Kennar wanatafuta riziki kwenye simu, ambako mtazamaji anakupa sekunde chache kisha kidole kinakutupa, na wanaowatazama wanaweza kwenda popote duniani. Mengi wanayotoa ni takataka. Nimeyatazama na nimeyatupa. Lakini anayechekesha hapo amechekesha watu waliokuwa na mlango wa kutokea.

Nina ombi kwa KBC, au tuseme changamoto kwa hawa majaji wa sebuleni. Kama kanda zipo, itafutwe Vioja moja ya katikati ya miaka ya 1980, si vipande vitamu vya dakika mbili vinavyozunguka mtandaoni. Itolewe nzima, pamoja na ile mizaha iliyokufa hewani, waigizaji wanaosubiriana nani aseme, na ukuta wa ubao unaotikisika mlango ukifungwa. Ionyeshwe Jumapili jioni, wakati stesheni nyingine zote ziko hewani. Tuone ni wangapi watakaofika mwisho bila kugusa rimoti.